Ndimu, Chuma na Kikamulio Kilichomo Jikoni Mwetu

Hakuna jiko la Pwani lisilokuwa na ndimu. Samaki hakaangwi kabla hajapakwa ndimu na chumvi, mishkaki haipendezi pasipo ndimu kando yake, kachumbari huiomba, na mwenye mafua huanza na maji ya moto ya ndimu na asali kabla hajafikiria kwenda hospitali. Lakini tukiuliza kile kifaa kinachoitoa ndimu maji yake kimetengenezwa kwa kitu gani, wengi wetu hunyamaza. Sufuria twaijua ni ya kampuni gani, jiko la gesi twalijua bei yake. Ama kikamulio, twakinunua kwa mchuuzi wa njiani, twakitupa ndani ya droo pamoja na vijiko, na habari yake imekwisha.

Wiki hii tumeamua kukizungumzia kwa sababu ya swali tuliloletewa na akina mama zaidi ya mara moja baada ya darsa. Kikamulio kilikuwa king'aavu kilipokuwa kipya. Baada ya miezi michache kimekuwa cha kijivu, kimefanya vishimo vishimo, na maji ya ndimu yamekuwa na ladha ya chuma. Je, ule ung'avu umekwenda wapi? Jibu fupi ni kwamba umekwenda tumboni. Jibu refu lataka tuanze na ndimu yenyewe.

Maji ya ndimu na ya limau yana tindikali iitwayo asidi ya sitriki, na kiasi chake si haba: katika limau hufika takriban gramu 5 hadi 6 kwa kila gramu 100 za maji yake. Katika kipimo cha ukali kiitwacho pH, ambacho maji safi huwa 7, ndimu huwa kati ya 2 na 3, na kila hatua moja ya kushuka ni ukali wa mara kumi. Chungwa ni pole zaidi, baina ya 3 na 4. Bibi zetu waliijua nguvu hii bila ya kipimo chochote, kwani walizisugua sinia zao za shaba kwa nusu ya ndimu na chumvi hata zikang'aa kama mpya. Kule kung'aa ni ushahidi. Ndimu imelila tabaka la juu lililofubaa, ikalichukua pamoja nayo. Lifanyikalo juu ya sinia kwa makusudi ndilo lifanyikalo ndani ya kikamulio bila ya sisi kukusudia.

Vikamulio vya zamani kabisa vinavyojulikana vimetoka katika nchi ya Kiislamu. Vilitengenezwa mjini Kütahya, magharibi mwa Uturuki, katika robo ya kwanza ya karne ya 18, wakati mji huo ulipokuwa na sifa kubwa ya ufinyanzi wa kauri katika dola ya Uthmania. Waturuki wa zama hizo walikuwa watu wa sharubati, neno ambalo sisi na wao tumelirithi kutoka Kiarabu, na kwa kazi hiyo walichagua udongo uliochomwa, si chuma. Chuma kilikuja baadaye, na wengi walikuwa na mkono ndani yake. Huko Marekani, tarehe 8 Desemba 1896, Mmarekani mweusi aitwaye John Thomas White alipewa hataza ya kikamulio cha limau. Hakuwa wa kwanza, kwani hataza za vifaa vya namna hiyo zilikuwa zikitolewa huko tangu miaka ya 1860, lakini jina lake limehifadhiwa, na si vibaya watoto wetu wakalijua.

Mwaka 1916 wakulima wa ushirika wa California, waliouza matunda yao kwa jina la Sunkist, walijikuta na machungwa mengi kuliko walaji. Wakaanza kuwahimiza watu wayanywe badala ya kuyala, na wakawauzia vikamulio vya kioo kwa senti 10. Chungwa moja humtosha mtu mmoja akilimenya. Gilasi moja ya maji yake hutaka mawili au matatu. Biashara ina akili zake.

Kisha yakaja mapambo. Mwaka 1990 msanifu wa Kifaransa Philippe Starck alibuni kwa kampuni ya Alessi ya Italia kikamulio kiitwacho Juicy Salif: kichwa kama cha pweza juu ya miguu mitatu mirefu ya alumini, urefu wa sentimita 29, hakina chujio wala mahali pa kuzuia kokwa. Kimewekwa katika makumbusho ya sanaa huko New York. Baada ya miaka kumi kilitolewa cha namna hiyo hiyo kilichopakwa dhahabu, na wanunuzi wakaonywa wasikikamulie kitu, kwa kuwa tindikali ingeiharibu dhahabu. Kikamulio kisichokamua! Kwetu sisi mas'ala yake yangekuwa mepesi, maadamu vyombo vya dhahabu tumekatazwa kulia na kunywea. Wanavyuoni wana maelezo marefu kuhusu kile kilichopakwa tu, lakini hatudhani kuna msomaji wetu atakayeihitaji fatwa hiyo hivi karibuni.

Kisa kinachotufunza zaidi ni cha mabaharia na kiseyeye, ule ugonjwa wa kuvimba na kutoka damu ufizi, kulegea meno, na mwisho kufa. Mwaka 1747 daktari wa Kiskoti James Lind, akiwa katika meli ya Salisbury, aliwachukua mabaharia 12 wagonjwa, akawagawa wawili wawili, na kila wawili akawapa dawa yao. Wale wawili waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu ndani ya siku chache. Wenzao waliendelea kuteseka. Ilichukua miaka karibu 50 kabla ya wakubwa kusikia, lakini mwaka 1795 jeshi la wanamaji la Uingereza liliagiza maji ya limau yagawiwe melini, na kiseyeye kikakaribia kusahauliwa.

Katika karne ya 19 watu wa hesabu waliona kuwa ndimu za makoloni yao ya West Indies ni nafuu kuliko malimau ya nchi za Mediterania, wakabadilisha. Ndimu hizo zilikuwa na vitamini C chache zaidi. Tena maji yake yaliwekwa muda mrefu yakipigwa na hewa, na yakapitishwa katika mabomba ya shaba. Shaba ni adui wa vitamini C: chembe zake kidogo tu zikiingia katika maji huifanya vitamini hiyo iungane na hewa na kuharibika kwa haraka. Msafara wa kapteni George Nares uliokwenda upande wa Ncha ya Kaskazini mwaka 1875 ulikuwa na maji ya ndimu melini, na juu ya hayo watu wake waliugua kiseyeye na wengine wakafa. Wakubwa wengi wakaanza kusema kwamba ndimu haitibu kitu. Vitamini C yenyewe haikutambuliwa mpaka mwaka 1932, na hapo ndipo makosa ya mabomba yale yalipofahamika vyema.

Hatusemi kwamba sekunde tano ndani ya kikamulio cha shaba zitamletea mtu kiseyeye. Twasema kwamba ndimu si mgeni mpole. Hutoka na kitu katika kila nyumba anayoingia, na kitu chenyewe ndicho cha kuulizwa.

Tuje basi sokoni. Vikamulio vingi tunavyovikuta Marikiti, Kongowea na kwa wachuuzi wa mikononi ni vya alumini. Alumini ni nyepesi, ni rahisi kusubu, na haishiki kutu jekundu kama chuma. Kinachoilinda ni utando mwembamba unaojifanya wenyewe juu yake ikikutana na hewa. Tindikali huula utando huo, na chumvi huisaidia tindikali. Ndipo hutokea ule ukijivu na vile vishimo. Mtu mwenye figo nzima, mwili wake huitoa kwa mkojo alumini kidogo iingiayo. Mwenye maradhi ya figo ndiye apaswaye kuepushwa nayo zaidi, kwa kuwa kwake hubakia.

Lau alumini ingekuwa alumini tupu, tungeishia hapo. Lakini kuna alumini ya kiwandani na kuna alumini iliyosubwa kwa vyuma chakavu, vipande vya injini na redieta na kila kilichookotwa, vikayeyushwa pamoja na kumiminwa ndani ya kalibu ya mchanga. Mafundi wetu wa jua kali wana ustadi ambao hatuna haki ya kuudharau, na riziki yao ni ya jasho. Ila chakavu hakijitambulishi kabla ya kuingia motoni. Mwaka 2014 watafiti walichapisha habari za sufuria za namna hii kutoka Kamerun: walichemsha ndani yake maji yaliyotiwa ukali mfano wa siki, na maji yakatoka na risasi. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2017 ulikusanya vyombo 42 kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwamo, na zaidi ya thuluthi moja vilitoa risasi ya kutia wasiwasi.

Risasi si jambo la mzaha nyumbani kwenye watoto. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiwango chake kijulikanacho kuwa hakina madhara. Mtoto mdogo huifyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutokana na kile alichokimeza, na huathiri ubongo unaokua: ufahamu wake, utulivu wake, masomo yake. Kwa mtu mzima hujificha ndani ya mifupa miaka mingi, na mwanamke akishika mimba hutoka mifupani ikaingia katika damu na kumfikia mtoto tumboni. Haina harufu, haina ladha, na mtoto aliyeipata hana dalili ambayo mama ataiona kwa macho.

Uchunguzi huo ulikuwa wa sufuria, zilizochemshwa muda mrefu. Kikamulio hukutana na ndimu kwa kitambo kidogo tu. Kwa sababu hiyo rai yetu ni kwamba kikamulio chenyewe si hatari ya kwanza jikoni. Hatari ya kwanza ni bakuli lililo chini yake. Ni samaki aliyetiwa ndimu na chumvi akalazwa usiku kucha ndani ya sufuria ya alumini iliyosubwa. Ni maji ya ndimu yaliyokamuliwa adhuhuri ya Ramadhani yakawekwa ndani ya jagi la bati yakingoja adhana ya magharibi. Ukali, chumvi na muda, vitatu hivi vikikutana, hata chombo kizuri huwa na la kusema. Basi atakayebadilisha kimoja tu leo na abadilishe bakuli: aweke la kioo, au la kauri nzuri, au la chuma kisichoshika kutu.

Na tukishataja bati, tuseme neno juu ya shughuli. Katika harusi na maulidi zetu sharubati hukorogwa kwa wingi, na pengine hutiwa katika ndoo au mapipa ya bati lililopakwa zinki. Zinki huyeyuka upesi mno katika maji makali, na mtu akinywa hutapika na kukatwa na tumbo ndani ya muda mfupi. Mara nyingi lawama humwangukia mpishi, au barafu, au jicho la mtu, ilhali ndoo imekaa kimya pale pale. Ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula yatosha kuondoa fitina hiyo.

Bora ya vikamulio vya chuma, kwa maoni yetu, ni kile cha chuma kisichoshika kutu, ambacho wauzaji hukiita stenlisi. Ubora wake watokana na kromi iliyochanganywa humo; ile aina iandikwayo 18/8 ina kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 8, na ndimu ya kila siku haiisumbui. Bei yake ni ya juu, ndiyo, lakini mama akikitunza kitamtumikia, na binti yake atakikuta. Namna ya kukitofautisha na alumini ni mkono: kwa kipimo kile kile cha umbo, chuma huwa kizito karibu mara tatu. Sumaku nayo husaidia nusu. Ikinasa kwa nguvu, kifaa hicho si alumini. Chaweza kuwa chuma cha kawaida kilichopakwa, au stenlisi ya aina duni. Isiponasa, uzito ndio utakaohukumu. Mtazameni pia msumari wa bawaba, pale mikono miwili inapokutana. Wengine huuza mwili mzuri wa stenlisi wenye msumari wa chuma cha kawaida, na kutu huanzia hapo ikachuruzika mpaka ndani ya gilasi.

Viko vile vilivyopakwa rangi ya manjano au kijani, kwa mfano wa vikamulio vya Mexico, ambako cha manjano huwa cha limau na cha kijani cha ndimu. Vinapendeza. Chini ya rangi hiyo aghalabu ni alumini ya kusubu, na siku rangi inapoanza kubanduka kando ya vile vitundu, vigae vyake huenda pamoja na maji. Kikifika hapo kimekwisha kazi, hata kama mikono yake bado imara.

Plastiki ina tabia yake. Ndani ya ganda la ndimu na chungwa mna mafuta yenye harufu, na mafuta hayo huyeyusha aina fulani ya plastiki ngumu inayong'aa kama kioo. Ndiyo maana kikamulio cha bei rahisi hufifia, kikafanya nyufa, kisha kikavunjika siku mnayo wageni. Geuzeni kifaa mtazame chini yake. Aghalabu huwapo alama ya pembetatu yenye nambari. Nambari 5 yavumilia mafuta ya ganda. Nambari 6 ndiyo ile isiyoyaweza.

Kioo hakina neno. Kile kisahani cha kioo chenye kichwa cha matuta katikati na mdomo wa kumiminia kando, ambacho baadhi ya nyumba zetu za zamani zingali nacho kabatini, kingali kifaa safi kuliko vyote kwa chungwa na chenza. Ila si chema kwa ndimu, kwani ndimu zetu ni ndogo na vidole huteleza juu ya matuta. Kauri nayo ni njema iwapo imetengenezwa kiwandani kwa ajili ya chakula. Vyombo vya udongo vya mapambo, vilivyopakwa rangi kali na ung'avu usiojulikana, viacheni ukutani, kwa kuwa ung'avu wa namna hiyo mara nyingine huwa na risasi, na tindikali huitoa. Na mbao ngumu iliyochongwa kama yai lenye matuta, yenye mpini, haibadilishi ladha kabisa. Yataka kuoshwa mara moja, kufutwa na kuanikwa kivulini. Ikirowekwa hupasuka, na ndani ya ufa hukaa uvundo.

Sasa matumizi, na hapa tuna la kuwaambia hata mafundi wa mapishi. Kikamulio cha mikono miwili, chenye kikombe cha vitundu na kichwa cha kubonyeza, hutumiwa vibaya katika nyumba nyingi. Mtu hukata ndimu, akailaza ndani ya kikombe mgongo wake ukiwa chini, kwa sababu umbo lake lakaa vizuri hivyo. Kisha akibana, maji hupanda juu na kumpiga machoni, na nusu yake hubakia. Njia iliyo sawa ni kuigeuza: uso uliokatwa utazame vitundu, mgongo utazame juu. Kichwa kikishuka huipindua ndimu ndani-nje kama kofia, na maji hayana pa kwenda ila vitunduni. Jaribuni mara moja, mpime kwa kijiko.

Kabla ya kukata, ivingirisheni ndimu juu ya meza chini ya kiganja mpaka ilegee, na kama imetoka ndani ya friji iacheni ipoe ubaridi wake kwanza, kwani ndimu baridi ni bahili. Ikateni kwa upana, si kutoka kikonyo hadi kitako, ili kila kifuko cha maji kifunguke. Ikiwa kikombe ni kikubwa kuliko ndimu zetu za Pwani, wekeni nusu mbili pamoja.

Urefu wa mikono si jambo la urembo. Ukibana mahali palipo sentimita 16 kutoka bawabani, na ndimu imekaa sentimita 4 kutoka hapo hapo, nguvu yako huzidishwa mara nne. Kwa kijana hilo si kitu. Kwa bibi mwenye baridi yabisi ya vidole, ambaye amejizuia kutengeneza pilipili yake ya ndimu kwa sababu hawezi tena kukamua, ni tofauti ya kuomba na kujitegemea. Anayetafuta zawadi ya kumpelekea mama yake mzee na afikirie kikamulio cha stenlisi chenye mikono mirefu kabla ya kufikiria leso nyingine.

Chungwa halibanwi kama ndimu. Huzungushwa juu ya matuta taratibu, na mkono hukoma nyama zinapokwisha. Atakayesugua mpaka kwenye weupe wa ganda atapata uchungu, na kokwa zikisagika huongeza uchungu huo. Maji ya chungwa yakikaa saa kadhaa uchungu waweza kuzidi wenyewe, hivyo ya futari yakamuliwe karibu na futari. Na asiwepo anayeyakataa machungwa ya Muheza au ya Kilifi kwa sababu ganda lake ni la kijani. Ganda hubadilika kuwa la manjano usiku unapokuwa wa baridi, na Pwani yetu haina baridi hiyo. Ndani yameiva.

Jambo moja la afya ambalo halitajwi sana ni jua. Ndimu ina kitu ambacho kikibaki juu ya ngozi, kisha ngozi hiyo ikapigwa na jua, huiunguza kama maji ya moto: malengelenge baada ya siku moja au mbili, kisha mabaka meusi yanayoweza kukaa wiki au miezi. Mama anayekamua ndimu hamsini kwa mikono mitupu asubuhi, kisha akaenda kuuza viazi vya karai nje mchana, hushangaa mikono yake imefanya nini. Hudhani ni mafuta yamemrukia. Watoto wanaocheza uani na maganda ya ndimu hupata alama za vidole usoni na shingoni, hata mtu asiyejua akadhani mtoto amepigwa. Dawa yake ni kutumia kikamulio ili mikono isilowe, na kunawa kwa sabuni kabla ya kutoka nje. Maji peke yake hayaondoi mafuta ya ganda. Na mwenye alama hizo asizitibu kwa kuongeza ndimu, kama tulivyosikia wengine wakifanya.

Imebakia kuosha. Kioshwe pale pale, kabla nyama za ndimu hazijakauka vitunduni. Mswaki wa zamani hufika kila mahali. Alumini isisuguliwe kwa waya wa sufuria, kwani waya huondoa ule utando unaoilinda, na ndimu ya kesho hukuta njia wazi. Tena wengi wetu hapa Mombasa twaoshea maji ya kisima, nayo yana chumvi. Chumvi ikikaukia juu ya chuma huchimba vishimo, hata stenlisi haisalimiki nayo. Kioshwe kwa maji ya kisima ikibidi, lakini suuzo la mwisho liwe la maji matamu, kikombe kimoja chatosha, kisha kifutwe na kitundikwe kikiwa wazi ili bawaba ikauke. Kile cha alumini ambacho kimekwisha kuwa na vishimo hakirudi upya kwa kusuguliwa, na kisipewe msichana wa kazi wala jirani kama sadaka. Kipelekwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Maganda yaliyobakia yasuguliwe juu ya ubao uliokatiwa samaki, pamoja na chumvi kidogo, yaachwe dakika kumi, kisha ubao usuuzwe.